Toroli Namba Saba

Uongozi wa hospitali, baada ya kupokea taarifa ya kamati ya watu watatu na kuitafakari kwa kina, unawatangazia watumishi wote kwamba umejiridhisha bila shaka yoyote kuwa siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, toroli la nguo namba saba liliondoka lenyewe mahali lilipokuwa limesimama, likafuata korido ya chini hadi chumba cha kufulia, na huko likamjeruhi mtumishi mmoja mkono wa kushoto. Uongozi umebaini pia kwamba hakuna mtu aliyelisukuma. Watumishi wanakumbushwa kuwa macho na vifaa vinavyotembea.

Tangazo hilo lilikuwa na mihuri miwili, jambo linaloonyesha kwamba mmoja haukutosha. Lilibandikwa ukutani kando ya mlango wa chumba cha kufulia, palepale safari ya toroli ilipoishia, na watumishi walilisoma wakiwa wamesimama, mikono nyuma, kama watu wanaotafuta majina yao kwenye orodha ya waliofaulu. Mmoja wao alilisoma mara nne kwa siku, kwa sababu kazi yake ilimpitisha hapo mara nne. Huyo ndiye aliyelisukuma toroli.

Kazini aliitwa Rubani. Hakuwahi kupanda ndege. Alikuwa mwembamba, mwenye umri wa miaka hamsini na minane na miezi kumi, bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, na kila asubuhi alikusanya mashuka machafu kutoka wodi sita, akayafunika kwa turubai na kuyateremsha kwenda kufuliwa. Korido ya chini ni ndefu na nyembamba, sakafu yake ya saruji imesuguliwa na nyayo za wagonjwa mpaka inang'aa. Karibu na mwisho wake imening'inizwa ndoo nyekundu ya mchanga wa kuzimia moto. Rubani akifika kwenye ndoo aliachia mpini. Aliweka mikono mgongoni, akalifuata toroli lake kama mtu aliyetoka kupunga upepo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Tunatua." Hatua kumi na mbili mbele, ndani ya mlango, Mama Pasi alinyoosha mkono wa kushoto bila kugeuza kichwa, akaligusa toroli, nalo likasimama kando ya meza yake. Mkono wa kulia haukuacha kupiga pasi.

Walifanya hivyo kwa miaka kumi na moja. Katikati ya miaka hiyo ulitoka waraka uliokataza matoroli kuachiwa njiani. Rubani aliusoma, akaukubali, akaendelea kuachia.

Mama Pasi alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, na ndiye aliyemtafutia kazi. Wakati huo Rubani alikuwa ametoka kwenye ghala alikobeba magunia mpaka mgongo ukagoma. Mama Pasi alikwenda kwa mkubwa wa hospitali akamwambia, "Shemeji yangu hakusoma sana, lakini kusukuma anajua."

Na kweli alijua. Waliokuja wapya aliwafundisha kwa maneno machache na dharau kidogo. Toroli tupu, aliwaambia, lina hasira za karibu: ukiligusa linaruka, ukilishika linatulia. Toroli lililojaa lina kinyongo: linachelewa kukasirika, na likishakasirika haliombeki. Kwa hiyo kona unaianza kabla hujaifikia, na kusimama unaanza ukiwa bado huoni sababu ya kusimama. Kitu kizito ni kibishi mara mbili, kibishi kuanza na kibishi kuacha, na ubishi wenyewe ni uleule mmoja. "Ukitoka jasho kulianzisha," alimalizia, "jiulize nani atatoka jasho kulisimamisha." Aliipenda sentensi hiyo na aliirudia mara nyingi. Siku moja tu haikumjia, nayo ilikuwa Jumanne.

Asubuhi ile bomba lilipasuka katika wodi ya wanaume. Wauguzi walifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: walitupa sakafuni kila shuka lililokuwa karibu, safi na chafu, yakanywa maji mpaka yakashiba, kisha wakayarundika kwenye toroli namba saba na kulifunika turubai. Ukilitazama kwa nje lilikuwa toroli la kila siku. Rubani alishika mpini, akasukuma. Toroli halikutikisika. Akasukuma tena, kandambili zikateleza.

"Rubani," muuguzi mmoja akasema, "leo ndege imejaa. Au injini ndiyo imezeeka?"

"Injini hii itakuzika," alimjibu.

Akaweka bega. Goti likalia, magurudumu yakalia, toroli likaanza kujivuta, kwanza kama mtu anayeamshwa, halafu taratibu likakubali. Kufikia katikati ya korido lilikuwa linakwenda mwendo wake wa siku zote. Hapo ndipo kitu kizito kinapomlaghai mtu. Kikishachukua mwendo kinakuwa chepesi mkononi, kinakwenda chenyewe, na mkono unasahau ilikuwaje bega.

Lakini yeye hakusahau kabisa. Alipoikaribia ndoo nyekundu alikumbuka, na aliwaza, kwa maneno haya haya, "Leo nisiachie." Kisha akawaza kwamba mtu akimwona amelishikilia toroli hadi mlangoni kama mtu anayevuka mto, ataona kweli injini imezeeka. Korido ilikuwa tupu. Hapakuwa na wa kumwona isipokuwa ndoo. Akaachia, akaweka mikono mgongoni, akasema, "Tunatua."

Baadaye watu walisimulia kwamba toroli lilikuja kwa kasi ya ajabu. Si kweli. Lilikuja kwa mwendo wake wa kila siku, na ndiyo maana Mama Pasi alinyoosha mkono wa kila siku. Tofauti ilikuwa ndani ya turubai. Kiganja kilichozoea kusimamisha mashuka makavu kilikutana na mzigo wenye uzito mara tatu, ukiwa na mwendo uleule, na mzigo haukuona sababu ya kusimama mpaka ulipoifikia meza ya pasi. Kati yake na meza palikuwa na mkono.

Matroni, mkuu wa wauguzi, alikuja mbio aliposikia kelele. Akamwona Mama Pasi amekaa sakafuni ameushika mkono wake kama mtu aliyepewa kitu cha mwingine amshikie. Akamgeukia Rubani aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Imekuwaje?"

"Sijui," Rubani akasema. "Nimelikuta linakwenda."

Alikusudia kuirekebisha kauli hiyo mara tu mgonjwa akishapelekwa kupigwa picha. Baadaye akakusudia kuirekebisha jioni. Jumatano iliundwa kamati, na kauli ikawa imeandikwa.

Kamati ilikuwa na Matroni, mhasibu, na dereva wa gari la wagonjwa, aliyewekwa humo kwa kuwa anaelewa mambo ya magurudumu. Walilikagua toroli namba saba, wakagundua kwamba halina breki, na kwamba halijawahi kuwa nayo. Wakamwita Rubani, akarudia kwamba alilikuta linakwenda. Wakamwendea Mama Pasi kitandani, mkono wake ukiwa ndani ya plasta mpaka kwenye kiwiko.

"Ulimwona mtu yeyote nyuma ya toroli?"

"Nilikuwa nimegeuka," Mama Pasi akasema.

Waliandika. Hakuna aliyeuliza mtu aliyegeuka alijuaje wakati wa kulinyooshea toroli mkono. Rubani alipopata habari ya jibu hilo alikwenda nyuma ya jengo la majenereta akakaa juu ya tofali. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne kustaafu, na shemeji yake alijua idadi hiyo.

Kwa kuwa Mama Pasi alikuwa mjane anayeishi peke yake, na mkono mmoja haumenyi wala haufungi vifungo, alihamia kwa mdogo wake, yaani kwa Rubani. Alipewa kitanda katika chumba cha binti yao, msichana wa sekondari ambaye nyumbani walimwita Wakili, kwa sababu hakuwahi kushindwa kesi hata aliyostahili kushindwa. Kila asubuhi mke wa Rubani alimchana dada yake nywele, akamfunga vifungo vya gauni mgongoni, akamkatia mkate vipande vidogo. Rubani aligundua kwamba banda la kuku linahitaji matengenezo. Katika wiki nne banda hilo lilipata paa jipya, mlango mpya na kufuli. Kuku walikuwa watatu.

"Baba wa Wakili," mkewe akamwambia siku moja, "hao kuku unawajengea au unawapangisha?"

Alicheka mwenyewe. Rubani akarudi kutafuta msumari.

Jumapili moja mke na binti walikwenda sokoni, wakabaki yeye na Mama Pasi mezani. Hapakuwa na pa kukimbilia. Banda lilikuwa limekwisha.

"Shemeji," Rubani akaanza, "ile siku."

"Siku gani?"

"Ile."

"Chai yako inapoa." Mama Pasi akaendelea kwa sauti ya chini, akitazama kikombe. "Ningewaambia nini mimi? Kwamba watu wazima wawili wenye mvi tumekuwa tukirusha na kudaka miaka kumi na moja, na waraka tumeusoma? Acha niwe nimegeuka. Na wewe usijitese. Ungejuaje kama lina maji? Si lilikuwa limefunikwa?"

Rubani alisema, "Lilikuwa limefunikwa."

Ilikuwa kweli tupu, na ilikuwa mbaya kuliko uongo wa kwanza. Kwa uongo wa kwanza aliidanganya ofisi. Kwa huu alimwachia shemeji yake amtetee kwa jambo ambalo bega lake lilikuwa na ushahidi wote. Aliinywa ile chai yote, ikiwa imepoa.

Mambo yangebaki hivyo, kwa kuwa kimya nacho kikishachukua mwendo hakimchoshi mtu, lakini shuleni kwa Wakili walikuwa wamefikia somo la kani na mwendo. Mwalimu wa fizikia aliwapa swali: taja mfano mmoja kutoka maisha ya kila siku unaoonyesha kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia mpaka kani ikisukume au ikivute. Wengine walitaja mawe na meza. Wakili, ambaye siku moja alipokwenda kumchukulia mama yake mkubwa dawa alilisoma tangazo la hospitali, aliandika kwamba kanuni hiyo ni sahihi isipokuwa kwa toroli namba saba, ambalo uongozi umejiridhisha kuwa liliondoka lenyewe, na akataja mihuri.

Daftari lilirudi Jumatano. Wakakaa mezani wote wanne, taa imewashwa, Mama Pasi ameuweka mkono wa plasta juu ya mto.

"Baba, nahitaji saini."

"Ya nini?"

"Mwalimu amenikata alama zote. Anataka mzazi asaini."

"Soma tusikie," akasema Mama Pasi.

Wakili akasoma swali, akasoma jibu lake kwa sauti ya mahakamani, halafu akasoma yaliyoandikwa chini yake kwa wino mwekundu. "'Haiwezekani. Nani alilisukuma? Mzazi asaini.'"

"Mwalimu naye mbea," mke wa Rubani akasema. "Hospitali nzima imepiga muhuri, yeye ni nani?"

"Nilimwambia hivyo. Akasema muhuri hausukumi kitu."

Mama Pasi akacheka mpaka plasta ikatikisika juu ya mto. "Mwambie aje kwenye kamati. Tulikuwa na dereva tu."

"Lakini mama mkubwa," Wakili akasema, na sasa hakuwa akitania, "tuseme ukweli. Korido haina mteremko. Toroli lilikuwa limesimama. Kuna kitu kililianzisha. Kama si mtu, ni nini? Upepo? Toroli lenye mashuka mabichi? Kadiri kitu kinavyokuwa na tungamo kubwa ndivyo kinavyogoma zaidi kuanza. Hilo hata baba anajua, yeye ndiye aliyenieleza kabla ya mwalimu. Toroli lina kinyongo. Si ndiyo, baba?"

"Ndiyo," Rubani akasema.

Alivuta daftari. Mkewe alikuwa akimkatia dada yake kipande cha mkate na hakutazama. Rubani alishika kalamu kwa muda mrefu kiasi cha Wakili kumwonyesha mahali pa kusaini, akidhani hajapaona. Akaandika chini ya wino mwekundu, kwa herufi kubwa za mtu ambaye hakusoma sana: *Mimi. Na nilijua ni zito.* Akasaini.

Wakili alisoma. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile hakuwa na hoja. Akalisogeza daftari polepole mpaka mbele ya mama yake mkubwa.

Mama Pasi alisoma, akasoma tena. "Mimi" hakulishangaa. Kidole chake kilisimama kwenye sentensi ya pili.

"Ulijua."

"Nililianzisha kwa bega," Rubani akasema. "Mara mbili lilinishinda."

"Kwa hiyo ulipofika kwenye ndoo ulijua."

"Nilijua."

"Si ungeniita tu." Hakuinua sauti. "Shemeji, ungesema 'Mama Pasi, toka'. Basi. Ulisema tunatua, nikajua ni kama kila siku."

Rubani alitazama meza. Angeweza kusema kwamba aliogopa kuonekana amezeeka mbele ya ndoo ya mchanga, lakini jambo hilo, alipolijaribu kimoyomoyo, halikusemeka mbele ya watu.

Mkewe alikuwa ameshavuta daftari na kulisoma. Aliweka kisu cha mkate mezani, akakinyoosha kikae sambamba na sahani. "Wiki nne," akasema. "Namfunga dada yangu vifungo kila asubuhi, na wewe unapigilia misumari." Akanyanyuka akaenda jikoni. Haikusikika sahani wala maji.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuchukua toroli, Rubani alibisha mlango wa Katibu wa hospitali.

"Nimekuja kuhusu toroli."

"Toroli gani?"

"Namba saba."

"Ah. Lile lililojisogeza."

"Halikujisogeza, mkuu. Nililisukuma mimi, nikaliachia. Na shemeji yangu mkono umevunjika kwa ajili yangu."

Katibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na alipoona Rubani bado yupo, akaegemea kiti.

"Mzee wangu, kaa. Unajua hilo faili limepita ofisi ngapi? Tano. Kila ofisi imelisukuma kidogo, imeongeza karatasi zake. Sasa limejaa, linakwenda lenyewe. Unataka mimi nisimame mbele yake ninyooshe mkono?"

Rubani alitazama viganja vyake. Alikuwa mtu pekee katika jengo lile aliyejua hasa anaulizwa nini.

"Watakuuliza kwa nini ulidanganya," Katibu akaendelea, kwa upole. "Sawa, wewe umejitolea. Lakini watamuuliza na huyo mama kwa nini alisema amegeuka. Naye ni mtumishi, naye alitia saini. Halafu watakuja kwangu na ile mihuri. Uko tayari kumvunja na mkono wa pili?"

"Hapana."

"Basi nenda kazini. Na umpe pole."

Akaenda kazini. Siku ile, alipofika kwenye ndoo nyekundu, alikuwa ameshaanza kupunguza mwendo hatua ishirini nyuma. Alilishika toroli kwa mikono miwili, akalirudisha nyuma kwa mwili mzima, akaliongoza hadi likaigusa meza ya pasi bila kutoa sauti. Mpiga pasi mpya, ambaye hakuwa amezoea mambo ya kule, alimtazama akidhani anaumwa.

Daftari la Wakili lilirudi Ijumaa. Mwalimu alikuwa ameweka alama ya vema kando ya maneno ya Rubani, kisha akaandika: *Jibu ni sahihi. Ila "zito" ni lugha ya mtaani; tumia tungamo.* Wakili alikuwa amerudishiwa nusu ya alama zake. Hakukata rufaa.

Plasta ilipotolewa, mkono ulinyooka kiasi. Ungeweza kushika kikombe, lakini haungeweza tena kutangulia mbele ya pasi na kulainisha shuka siku nzima. Mama Pasi alirudi nyumbani kwake, na kazini akahamishiwa kwenye dirisha la kugawia sare, kwenye korido ileile, hatua chache kabla ya ndoo. Watu waliendelea kumwita Mama Pasi. Rubani alikuwa na desturi mpya ya kusimama pale kila asubuhi, akilizuia toroli kwa kiuno.

Wiki za mwanzo Mama Pasi alimgawia sare yake bila kuinua macho. Mwezi wa pili alimwambia, "Kola imechakaa, nitakutafutia nyingine." Mwezi wa tatu alimwuliza, "Kuku hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wamelipa kodi?"

Rubani alitaka kucheka, akashindwa. Mama Pasi akamsukumia sare juu ya dirisha kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mapajani, kama alivyokuwa akiuweka siku hizi watu wakiwapo. Rubani aliuona ukiondolewa mezani kila alipokaribia, na akaelewa kwamba alikuwa akifichiwa.

Nyumbani mkewe alizungumza naye vizuri tu, kuhusu mkate, kuhusu ada ya shule, kuhusu mvua. Vifungo vya gauni lake mwenyewe, ambavyo kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwomba amfungie, alijifunza kuvifunga peke yake mbele ya kioo.

Miezi kumi na minne ilikwisha. Siku ya mwisho Rubani aliagwa kwa soda na hotuba, Katibu akamsifu kwa utumishi wa muda mrefu usio na doa, na wauguzi wakamwomba aseme neno lake lile la kutua, kwa ajili ya kumbukumbu. Alisema amelisahau.

Wiki hiyohiyo alikuja fundi kurekebisha kizingiti cha mlango wa chumba cha kufulia. Kabla ya kuchanganya saruji alilaza pima maji yake sakafuni kuona kama pana mteremko, mara moja kwenye ndoo nyekundu, mara moja katikati, mara moja mlangoni. Akisubiri saruji ishike alisoma tangazo ukutani, ambalo jua lilikuwa limeshalififisha ila mihuri. Alipomaliza kusoma aliinama akaitazama tena pima maji. Kipovu kilikuwa katikati.